Usinyooshe Mpaka Mwisho

Mikumi,
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia tena, shikamoo, maana ya kwanza najua imekukuta bado unatafuta miwani. Hujambo lakini? Magoti je? Usinijibu kwamba ni mazima kama unavyomjibu kila mtu, kwa sababu kaka Mrisho alishakuchongea: anasema asubuhi unatoka kitandani umeshika ukuta, ukifika uani ndiyo unajifanya binti. Baba naye kifua kimemwachia? Na huko Kilosa mvua zimekuwaje, mto Mkondoa umekaa kwenye njia yake au umeshaingia tena kwenye mashamba ya watu? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Mkweo Ashrafu hajambo, gereji yao haikauki malori, na mikono yake haijatakata oili tangu Idi.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia wakati simu ninayo. Mama, wewe na simu mmeungana kunishinda. Nikitaja tu neno bega, mara mtandao unasumbua, mara mboga inaungua, mara kuna mgeni anapiga hodi. Mboga gani hiyo inayoungua kila nikipiga? Barua haina kitufe cha kukata. Ashrafu anakwenda Zombo kumwona shangazi yake anayeumwa, nimemwomba asogee mpaka nyumbani akukabidhi mkononi. Nimemwambia pia asikae kukutolea macho wakati unasoma. Mpe chai, mwache na baba wazungumze mpira.

Basi nikwambie moja kwa moja. Nataka kuzungumza habari za bega langu na habari za mikono yako. Najua hutaki. Tangu nikiwa darasa la kwanza jambo hili limekaa kati yetu kama mgeni asiyeaga, na mimi nimechoka kulipikia.

Nakumbuka ulivyokuwa. Mtaa wetu wote ulikuwa unaleta vichanga kwako. Hata wake za watumishi waliohamishiwa kutoka mikoa ya mbali, wasiojua mila zetu, walikuja wanauliza kwa Mama Mrisho mkandaji ni wapi. Ulikaa kwenye mkeka, miguu umeinyoosha mbele, mtoto umemlaza juu ya mapaja, mafuta ya nyonyo yamepashwa moto kidogo. Ulianza kifuani, ukaja mabegani, ukampishanisha mikono, ukamkunja goti mpaka likagusa kiwiko cha upande wa pili, ukamvuta miguu anyooke, huku unamwimbia kwamba akue, atambae, akimbilie mtoni tukamkamate. Mtoto aliyeingia analia alitoka amelala mdomo wazi. Nilikuwa naona fahari mpaka naringa shuleni.

Na mimi nilikuwa ushahidi wako. Nilikuwa naweka mguu nyuma ya shingo, napindua vidole mpaka vinagusa mkono, na kwenye ngoma za akina mama naitwa katikati nijikunje watu wapige vigelegele. Wakisema huyu mtoto hana mfupa, wewe ulijibu kwa maringo kwamba ndiyo kukandwa huko, si kupakwa mafuta. Halafu siku ile tukicheza uani, Mrisho akanishika mkono kunizungusha kama wanavyozungushana watoto wote, na bega likatoka. Likarudishwa. Likatoka tena baada ya muda si mrefu, nikiinua ndoo. Ndipo yule jirani, Mungu amrehemu, simtaji jina, aliposema mbele ya watu kwamba umemkanda mwanao mpaka umemkata kamba za mwili. Maneno yale yalitembea kuliko treni.

Uliacha tu kukanda. Wanawake walikuja na vichanga vyao, ukawaambia mikono inakuuma siku hizi. Yusrah wa Mrisho alipozaliwa, mjukuu wako wa kwanza, ulikaa mlangoni unasuka ukili wakati mtu mwingine anamkanda chumbani. Nilikuona, mama. Mikono yako ilikuwa kwenye ukili lakini masikio yalikuwa ndani. Sijawahi kukwambia jinsi ilivyoniuma. Bega langu linauma siku moja moja. Hilo la kukuona umejifunga mikono kwa ajili yangu linaniuma kila siku.

Sasa nije kwenye yoga, maana ndiko majibu yalikotokea. Najua Mrisho alikueleza, na najua alieleza vibaya, ndiyo maana ukatuma kuuliza kama nimeingia dini ya Kihindi. Astaghfirullah, mama! Swala zangu tano ziko palepale. Hakuna sanamu, hakuna ubani. Kuna mkeka wa mpira, kuna kuvuta pumzi na kuitoa polepole, na kuna watu wazima wanaojinyoosha huku wanalalamikia viuno. Kama hiyo ni dini, basi waumini wake wote ni wagonjwa wa mgongo.

Hapa hotelini ninapotandika vitanda aliletwa mwalimu anaitwa Raheli, binti wa Kiluguru kutoka Morogoro, rika langu, mcheshi kweli lakini akishika kipindi hana mchezo. Anafundisha wageni asubuhi kabla hawajaenda kuangalia wanyama, kwenye jukwaa la mbao linalotazama mbugani. Wakishaondoka, wafanyakazi tunaotaka tunaruhusiwa kupanda. Siku ya kwanza nyani alimpokonya Bryson wa jikoni mkeka, akapanda nao juu ya paa la stoo, akaukalia kwa raha zake, na Bryson akafanya mazoezi yote juu ya taulo huku anamtukana. Nilicheka mpaka Raheli akanionya.

Halafu akatuambia tuiname tuone nani anagusa vidole vya miguu. Wenzangu waliishia magotini wanahema. Mimi niliweka viganja vyote chini, nikachungulia nyuma kati ya miguu kuwaangalia. Akasema tukae tuinue mguu, wangu ukaenda sikioni. Watu wakapiga makofi. Raheli mwenyewe alishika kichwa, akasema hajapata kuona mwili kama huu, na kesho yake akaniomba nikae mbele wageni wanione. Mama, sifa ni tamu, asikudanganye mtu. Tangu lile bega nilikuwa mtoto wa kuonewa huruma, mtoto asiyebeba ndoo, asiyecheza rede. Pale jukwaani nilirudi kuwa yule wa vigelegele. Wageni walinipiga picha, na mimi nikazidisha kujikunja.

Kumbe nilikuwa najimaliza. Wenzangu wakifika mwisho wao, mwili unawaambia basi. Wangu haukuwa na wa kusema basi, ulikuwa unaenda tu, na maumivu yalikuja kesho yake nikiwa nimeshasahau nilifanya nini. Vidole vilishindwa kukamua shuka. Nyonga ikawa inalia nikipanda ngazi. Nilinyamaza, nikameza vidonge vya maumivu, nikaendelea. Mpaka siku Raheli alipotuambia tulale chali kisha tujiinue kwa mikono na miguu, tumbo juu, mgongo umepinda kama upinde. Nilipinda kuliko wote, viwiko nimevikaza hadi vikapitiliza, na bega likatoka mbele ya wageni. Nililisikia likitoka, mama. Ashrafu akapigiwa simu, akaja na lori la mteja ambalo boneti lake lilikuwa halijafungwa hata vizuri, na akalia kuliko mimi.

Zahanati walinirudishia bega, Mungu awabariki, wakanielekeza Morogoro kwa mtaalamu wa viungo na mazoezi, mama mmoja wa makamo anaitwa Grace. Nilidhani atanichua. Kumbe anauliza. Aliniambia nilaze dole gumba kwenye mkono, likalala. Aliniambia ninyooshe kiwiko, kikapinda kwa nyuma. Akanivuta ngozi taratibu, akauliza kama napata alama za damu bila kujigonga, kama naona kizunguzungu nikisimama ghafla, kama nyumbani nilikuwa naambiwa sina mfupa. Nilimtazama kama mtu anavyomtazama mpiga ramli, maana yote yalikuwa kweli. Akanipeleka nikapimwa hata moyo. Moyo uko salama, usishtuke.

Akanieleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Alisema kila kitu mwilini kimeshikwa na kitu: mfupa umefungwa kwa mfupa, ngozi imeshikwa na nyama, hata mishipa ya damu ina kinachoishika. Kwangu mshiko huo ni mlegevu tangu ndani, ndivyo nilivyoumbwa. Una jina refu la kitaalamu ambalo Ashrafu amelikariri na analitaja kila mahali ajione daktari; mimi nauita ulegevu. Hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini misuli, alisema, inaweza kufundishwa ikasaidia kazi ambayo kano hazifanyi vizuri. Hapo nikamuuliza swali moja nililokuwa nimelibeba tangu utotoni. Jibu lake nitakuandikia huko chini, na kwa jinsi ninavyokujua, tafadhali usiruke kurasa.

Nilidhani ataniambia yoga basi. Hakusema hivyo. Alisema kosa si kujinyoosha, kosa ni kwenda mpaka mwisho wa kiungo na kukiachia kibebe uzito peke yake. Mtu aliyekakamaa yoga inamfundisha kufunguka; mimi inatakiwa inifundishe kujikaza. Nilirudi Mikumi nikamweleza Raheli. Mama, yule binti alilia, akasema yeye ndiye aliyenisukuma mbele. Nilimwambia yeye hakujua, mimi sikujua, na hata yule nyani hakujua. Akacheka na kamasi zake. Basi akampigia Grace simu, wakazungumza kirefu, akaanza kunifundisha upya kana kwamba ndiyo kwanza nimefika.

Sasa ukiniona utacheka. Wenzangu wanainama mpaka chini, mimi naishia kwenye kiti, magoti nimeyalegeza kidogo, tumbo nimelikaza, kama mtu anayechungulia kama maji ya ugali yamechemka. Nikinyoosha mkono, kiwiko nakikunja kidogo kisijifunge. Nikisimama kwa mguu mmoja, ukuta uko karibu. Kabla sijasogeza kiungo nakaza kwanza misuli inayokizunguka, kisha nasogea, kisha naacha wakati bado naweza kuendelea. Hapo ndipo penye kazi, kuacha wakati unaweza! Nikiwa nimelala sinyanyuki kwa pupa, nakaa kwanza kizunguzungu kipite. Hakuna anayeruhusiwa kunisukuma wala kunivuta, hata kwa wema. Na nikiamka na maumivu najua jana nilizidisha, leo napunguza.

Siku za mwanzo nilikasirika, unanijua. Mgeni mmoja, mama wa watu, alinifuata akanitia moyo kwamba nisikate tamaa, nami siku moja mwili wangu utalainika. Kulainika! Nilitaka nimwekee mguu begani palepale. Bryson naye siku hizi anagusa vidole vya miguu, basi ananiringia, anasema bingwa amestaafu. Ila misuli ilivyokuwa inatetemeka nikishikilia pozi dogo tu la kitoto, nikaona kumbe sijawahi kuutumia mwili wangu, nilikuwa naumwaga tu. Polepole ukaanza kunisikia. Tangu mwezi wa Ramadhani bega halijatoka. Nakamua shuka mwenyewe, na usiku najigeuza kitandani bila kumwamsha Ashrafu anisaidie.

Juzijuzi meneja akataka picha ya tangazo la hoteli, nikiwa nimejikunja vile kama zamani, jua likichomoza nyuma yangu. Akasema ni sekunde chache tu. Nilitamani, mama, kwa nini nikufiche. Mguu wenyewe ulishaanza kujua njia. Halafu nikasema hapana, kwa adabu, nikasimama pembeni na kiti changu, na Raheli akamwambia ampige picha yeye. Meneja alinuna mpaka jioni. Nilirudi nyumbani natembea kama niliyeshinda uchaguzi, na Ashrafu akaniuliza nimekula nini.

Haya, sasa ndiyo lile swali. Nilimwambia Grace hivi: mama yangu alikuwa mkandaji, alinikanda nikiwa mchanga, akanivuta na kunikunja kama wanavyofanya wakandaji wote wa kwetu. Je, ni mikono yake iliyonilegeza? Akaweka kalamu chini. Akasema hapana. Akasema hakuna mkono wa mtu unaoweza kulegeza ngozi, na vidole, na magoti, na mishipa ya damu, vyote kwa pamoja. Nilikuwa hivi tumboni kabla hujaniona sura. Akaniuliza, mtoto mwingine aliyekandwa na mikono hiyohiyo yukoje? Nikamfikiria Mrisho, mama, nikaanza kucheka na machozi yananitoka. Mrisho! Ulimkanda wewe huyohuyo, kwa mafuta hayohayo, na mpaka leo akifunga kamba za viatu anahema kama amepanda mlima. Kama mikono yako inalegeza watu, mbona huyu amebaki gogo?

Sitakuficha kitu kwa kukubembeleza. Alisema pia kwamba mtoto wa namna yangu hafai kuvutwa miguu wala kupishanishwa mikono kwa nguvu, kwa sababu viungo vyake ni rahisi kutoka. Kwa hiyo kule kuvutwa hakukuwa na faida kwangu. Lakini hukujua, hakuna aliyejua, wala si huko kuvutwa kulikonifanya niwe hivi. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na yule jirani aliyafanya moja. Miaka yote hii umejihukumu kwa kesi isiyo yako.

Kisha Grace akauliza kwetu nani mwingine anajikunja. Nikakumbuka dole gumba lako linavyorudi nyuma ukikanda unga wa maandazi, mpaka Yusrah huliogopa. Nikakumbuka magoti yako yanavyopitiliza ukisimama, na marehemu bibi alivyokuwa anateguka mguu kwa kukanyaga bunzi la muhindi. Grace akasema inaelekea ulegevu wangu ndiko ulikotoka. Naomba hapa usianze kulia kwamba kumbe umenipa kwa damu. Hata pua hii umenipa wewe, ilivyo pana, na sijawahi kusikia ukiniomba radhi. Na hayo magoti unayoyasingizia uzee, nenda nayo hospitali waambie haya niliyokuandikia. Mazoezi tutafanya mimi na wewe, umekaa kwenye kiti na khanga zako, na baba akicheka tutamkalisha naye.

Sasa mama, kama umesimama, kaa. Yote hayo nimeyaandika ili nifike hapa. Nina mimba. Ashrafu anajua, na Raheli ilibidi ajue kwa sababu ya mazoezi, lakini katika ukoo wewe ndiye wa kwanza. Sikusema mapema kwa kuwa wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mimba changa haitangazwi. Sasa imeshika. Kliniki nimeanza, nimewaeleza ulegevu wangu nao wanaufuatilia. Wanasema mwanamke yeyote mwenye mimba viungo hulegea, sembuse mimi, kwa hiyo mazoezi yangu yamekuwa madogo zaidi: kiti, ukuta na pumzi. Nyonga inanisumbua jioni, lakini naangaliwa vizuri.

Mtoto anaweza kuja na ulegevu wangu, anaweza asije nao. Ni nusu kwa nusu, ndivyo nilivyoambiwa. Hilo nimemwachia Mungu. Hofu yangu ni wewe. Najua mimba ya kwanza hurudi kwa mama, na najua utanipokea, utanipikia uji wa pilipili manga, utanichemshia maji ya kukandwa mpaka nipige kelele. Halafu mtoto akishazaliwa utaita mtu mwingine amkande, wewe utakaa nje. Hilo sitaliweza, mama. Nitakufa kwa uchungu kuliko ule wa uzazi.

Tena nikwambie kitu. Huyo mtu mwingine ndiye hatari. Nikimwambia asimvute mtoto, atasema mimi mwanamke wa hotelini nimesahau mila, na nikigeuka kidogo tu atamvuta. Wewe ukiambiwa jambo kuhusu kiungo cha mtoto huwezi kusahau. Hakuna mtu Kilosa nzima anayeliogopa bega la mtoto kuliko wewe. Umejiona hufai kwa sababu ya woga huo, na mimi nakutaka kwa sababu ya woga huohuo.

Hutamvuta, hutamning'iniza, hutamkunja. Nimeuliza, nimeambiwa mafuta na viganja vya bibi havina ubaya: mpake, msugue taratibu, kichwa na makalio uvishike vizuri, na mwisho wa kiungo usiufuate. Siku ya kwanza nitamlaza mwenyewe juu ya mapaja yako, nitamfunua nguo, kisha nitatoka uani kuanika nepi. Sitakaa kukuchunga, wala sitachungulia dirishani. Na nikitoka, mama, mlango nitaurudisha.

Nisalimie sana baba, na hii habari mwambie wewe, mimi naona haya. Msalimie Mrisho na mkewe, umwambie gogo nimesema kwa mapenzi. Yusrah mbusu mashavu yote mawili. Raheli anakuamkia, anasema shikamoo mama na anaomba siku moja aje akuone. Ashrafu hapo alipo nimemkataza kusema neno kabla hujamaliza kusoma, kwa hiyo kama chai imempoa na jasho linamtoka, ndiyo sababu. Sasa mwite umpe mkono, masikini, amevumilia njia nzima na furaha yake mdomoni. Mungu akulinde, akutunzie magoti yako mpaka nije.

Ni mimi mwanao, uliyenikanda kwa mikono yako,

Mwanasha